Ubeti Mmoja Kwenye Kona ya Msesewe

Mzee Anaeli tulimzika Jumamosi, kwenye shamba lake la migomba juu ya Tengeru, na mimi nilikaa mstari wa tatu chini ya turubai nikiwa na daftari kwenye mkoba. Nilikuwa nimelitoa sandukuni alfajiri ile, baada ya miaka mingi ya kulihamisha kutoka nyumba hadi nyumba bila kulifungua, na nilikuwa nimejiapiza kwamba nikipewa nafasi ya kutoa salamu za wafanyakazi wenzake, nitasema yote. Wasifu ulisomwa na binti yake, Naomi, mwalimu, mama wa watoto watatu sasa. Alisoma vizuri, bila kulia, mpaka alipofika kwenye mwaka wa ajali. Hapo akainua macho akanitafuta. "Baba alitupiwa kifo cha mwenzake," alisema, "na ameishi na lawama hiyo mpaka Mungu alipomwita. Lakini alikuwa anatuambia kila mara kwamba kuna mtu mmoja alimtetea siku ile. Yuko hapa. Shangazi Aika, simama watu wakuone." Nikasimama. Waombolezaji wakanipigia makofi, yale makofi ya msibani ya taratibu. Nikakaa. Mwinjilisti akatangaza kwamba muda umekwenda, salamu zifupishwe, na nilimshukuru moyoni kama mtu aliyefunguliwa mlango. Chakula kilipoletwa, ndizi za nyama, na loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwa wazee, nilimaliza sahani nzima. Hilo linanichukiza kuliko mengine yote ya siku ile: kwamba nilikula vizuri.

Ya nyumbani kwetu nayaruka, maana hayakuwa na mkono katika jambo hili. Nianze na chumba. Kilikuwa chumba cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, ukingoni mwa machimbo ya mawe upande wa mashariki wa Mlima Meru, na dirisha lake lilitazama kila kitu: eskaveta mbili zikichimba huko juu, krasha ya kusaga kokoto huku chini, na katikati malori tisa ya tipa yakipanda matupu na kushuka na mawe. Ndani kulikuwa na meza, redio ya upepo, jiko la mkaa la kupasha mikono mwezi wa saba, na ubao wenye misumari. Kila lori lilikuwa na kisoda chake, kimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba. Lori likitoka krasha, unasogeza kisoda msumari mmoja. Likifika kwenye eskaveta, unasogeza tena. Tulikuwa wanawake watatu wa kupokezana, na kazi yetu ilikuwa kuamua lori gani liende eskaveta ipi na kwa njia ipi, kisha kumwambia dereva kwa redio. Mimi nilikuwa mdogo wao kwa umri na mkubwa wao kwa mdomo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepanga chumba Ngarenaro nyuma ya gereji ya kuchomelea, nikilala na harufu ya chuma kilichoungua, na niliamini kwa dhati kwamba malori yale yananitii mimi.

Njia zilikuwa mbili. Njia ya Juu ilikuwa pana na ilizunguka mbali. Njia ya Chini ilikuwa fupi, ila ilipita ukingoni mwa korongo na ilikuwa na kona moja mbaya, penye mti wa msesewe, ambapo anayepanda hamwoni anayeshuka. Madereva walikuwa na utaratibu wao hapo, haukuandikwa popote. Mwenye mzigo akiteremka hawezi kukamata breki ghafla, kwa hiyo njia ni yake. Lori tupu linalopanda lilijibanza kabla ya kona, kwenye upenyo uliochimbwa pembeni, dereva akazima injini na kusikiliza. Akisikia mngurumo, anangoja upite. Asiposikia kitu, anangoja vilevile, kwa muda wa kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, ndipo awashe. Ubeti ulianzishwa na Mzee Anaeli wa namba saba, Mmeru mpole mwenye masikio makubwa, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri. Wakatoliki waliimba za kwao, na dereva mmoja wa kutoka Kondoa alisoma sura fupi ya Kurani, na wote walitoka sawa kwa muda. "Dada Aika, namba saba niko msesewe, nipe ubeti mmoja, ova," redio ilikuwa inasema. Nami nilikuwa nakipeleka kisoda chake pembeni na kumzuia anayemfuata asiondoke krasha kwanza. Nilifanya hivyo mara nyingi kila siku, bila kujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Saa nne tulikula kwa mama lishe, kwenye banda la mabati lililojaa moshi, na huko ndiko habari zilikopikwa pamoja na mtori. Ilikuwa miaka ya ruksa. Shirika la umma lililomiliki machimbo lilikuwa limeuzwa, na kila wiki kulikuja neno jipya. "Mwekezaji analeta kompyuta ya kupanga malori," alisema Tumaini, dereva wa namba nne, mwenye kicheko cha kusikika mpaka krasha, ndoa yake haijatimiza mwaka. "Inajua yenyewe nani aende wapi. Dada Aika, jiandae kurudi Machame ukauze ndizi." Nilimjibu kwamba nikirudi Machame nitaondoka na funguo za lori lake. Mzee Anaeli alikuwa anakunywa loshoro yake aliyotoka nayo nyumbani, hakula kamwe vya banda. "Hiyo kompyuta ina masikio?" aliuliza. Watu wakacheka. "Siulizi kwa utani," alisema. "Mimi kazi yangu naifanya kwa masikio, macho ni ya kusaidia tu." Tumaini akamwambia mambo ya masikio yamepitwa na wakati, mzee akatabasamu akafunga chombo chake cha loshoro.

Mtaalamu alikuja mwezi wa pili, mzungu mwembamba aliyefikia nyumba ya wageni Sekei, mtu wa adabu, akimwambia shikamoo hata mlinzi mdogo kuliko yeye. Sina ubaya naye. Ningekuwa nao, ingenisaidia. Kompyuta iliwekwa kwenye meza yangu, redio ikasogezwa, ubao ukatolewa kwenda kuegeshwa nyuma ya choo. Lakini kabla mashine haijaanza ilibidi ifundishwe kila safari inachukua muda gani, na kwa hilo alihitajika mtu wa kukaa ndani ya lori na saa ya kupimia. Siku hiyohiyo nilimsikia meneja akiongea na mtaalamu upande wa pili wa mbao. Kizungu changu kilitosha. Alisema kati ya wasichana watatu wa redio atabaki mmoja, yule atakayeelewana na mashine. Nilishuka ngazi nikaenda kuomba saa ya kupimia kabla wenzangu hawajajua kuna shindano.

Nilikaa wiki mbili kwenye malori, siku nyingi kwenye namba saba, nikiwa na daftari gumu la kaunta. Sheria ya mtaalamu ilikuwa nyepesi: gurudumu likizunguka, andika, likisimama, usiandike, maana kusimama ni uvivu, na uvivu haufundishwi mashine. Lakini nilipokuwa pale kwenye msesewe, injini imezimwa, ukungu umejaa, Mzee Anaeli akiimba chinichini huku dirisha liko wazi, mkono wangu ulikataa kuacha nafasi tupu. Nikapiga mstari wa pili kwenye daftari, nikaandika "alisimama" na dakika zake. Alichungulia. "Umeandika ubeti?" aliuliza. "Nimeandika, Mzee." "Vizuri, mwanangu. Mashine isije ikadhani hapa ni barabara ya lami ya Moshi." Na kweli nilikuwa nimeandika. Nilichoingiza kwenye kompyuta jioni, meneja amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, kilikuwa mstari wa kwanza peke yake. Niliulizwa kama takwimu ni kamili. Nikasema ndiyo. Wenzangu wawili walipewa barua mwezi uliofuata. Mmoja wao alinikumbatia akanitakia heri, naye mpaka leo hajui niliwahi vipi.

Kompyuta ilifanya kwa uaminifu kile ilichofundishwa. Ilichokijua ni kwamba Njia ya Chini ni fupi na haina kituo, basi ikapeleka malori yote huko, moja nyuma ya jingine, nami nikawa mdomo wake. "Namba mbili, Njia ya Chini. Namba tisa, Njia ya Chini." Njia ya Juu ikaota majani. Kwenye mlango wa banda la chakula kulibandikwa karatasi ya waliochelewa, na kwa kuwa waliosimama kwenye msesewe walichelewa kila safari, majina ya wazee yalikaa juu. Kisha greda likaja kupanua kona, na kwa kupanua likaufukia ule upenyo wa kujibanza. Anayetaka kusimama sasa alisimama katikati ya njia. Mmoja mmoja waliacha. Tumaini aliacha mapema, mkewe alikuwa na mimba na karatasi ile iliambatana na posho. Nilimsikia bandani akimwambia Mzee Anaeli, "Mzee, wimbo utauimba Jumapili." Sauti yake haikuwa na kicheko. Mzee akamjibu, "Jumapili nitaimba kama nitafika." Akaendelea kusimama, na kila aliposimama aliniarifu, na kila aliponiarifu mashine ilipiga kelele kwamba namba saba imechelewa. Baadaye ikatoka amri: redio ni ya maelekezo tu, hakuna mazungumzo. Nikaacha kumjibu. Yeye hakuacha kuniita.

Asubuhi ile ilikuwa ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye nguzo za chumba, nikawa sioni hata krasha. Nilikuwa nimewasha jiko la mkaa na mtaalamu amekaa kando yangu, kwa sababu siku hiyo wakubwa walikuwa wanakuja kuona mtambo. Redio ikakwaruza. "Dada Aika, namba saba niko msesewe, ukungu mzito, nipe ubeti mmoja. Mwambie wa nyuma. Ova." Nilimsikia. Naandika tena ili nisije nikajidanganya uzeeni: nilimsikia neno kwa neno. Kwenye kioo cha kompyuta, kwa hesabu ya dakika nilizoifundisha, namba saba ilionyeshwa kuwa imeshapita kona, na chini yake yalikuwa yameshatoka maelekezo ya namba nne. Mtaalamu aligonga kioo kwa kalamu, taratibu, bila hasira. Zamani ningekamata kisoda. Nikabonyeza redio nikasema, "Namba nne, Njia ya Chini, iko wazi. Ova." Tumaini akajibu, "Nimekupata, dada." Halafu nikamimina chai. Nilikuwa sijaweka sukari nilipousikia mlio, na baada ya mlio mawe yakiporomoka korongoni kwa muda mrefu sana.

Tumaini alikuwa ameivaa namba saba kwa nyuma na kufa papo hapo, kwenye usukani. Namba saba ilisukumwa mpaka ikaning'inia ukingoni, na Mzee Anaeli walimtoa baada ya kukata chuma, mguu wake mmoja ukabaki humo. Nilifika mbio nikiwa bado na kijiko cha chai mkononi. Mama lishe alikuwa ameshafunika uso wa Tumaini kwa kanga yake mwenyewe, na alipouona ule mkono wangu alinyoosha wake akachukua kijiko. Nilitaka anitukane.

Uchunguzi ulifanyika ofisini kwa meneja, siku tano baadaye, kukiwa na chai na biskuti kwenye sahani. Nakumbuka biskuti kuliko nyuso. Madereva wawili waliitwa kabla yangu wakasema kusimama pale ni desturi, wakaulizwa desturi hiyo imeandikwa wapi, wakakosa la kuonyesha. Kisha ikawa zamu yangu. Mkubwa aliyetoka Dar es Salaam aliuliza kwa upole kabisa: "Binti, wewe ndiye uliyepima. Katika takwimu zako kuna dereva anayesimama kwenye kona hiyo?" Daftari lilikuwa chumbani kwangu Ngarenaro, chini ya godoro. Nikasema, "Kwenye kompyuta hakuna, mzee." Akauliza kama marehemu aliarifiwa vibaya na mtu yeyote. Nikasema redio ilikuwa inakwaruza. Basi. Wakaandika kwamba dereva wa namba saba alisimamisha gari mahali pasipo kituo, kinyume na utaratibu, na kusababisha kifo. Aliachishwa kazi akiwa bado kitandani. Mimi nilithibitishwa kazini, nikapewa kiti chenye magurudumu.

Nilikwenda kumwona Mzee Anaeli hospitalini mjini mara moja tu. Nilimpelekea mtori kwenye chupa ya chai, akashindwa kuumeza, akaomba nikae. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu. Niambie kitu kimoja. Siku ile ulinisikia?" Nikasema, "Nilikusikia." Uso wake ulilegea kwa nafuu, nikaona mtu aliyekuwa amelala siku zote hizo akijiuliza kama aliita kweli au aliota. "Na hao watu uliwaambia? Kwamba niliomba ubeti? Mke wa Tumaini anasema mimi nimemuua mumewe. Alikuja hapa, akasimama pale mlangoni na tumbo lake, akanitazama tu." Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kutokea na ulikuwa wazi wote. Nikasema, "Niliwaambia, Mzee. Hawakutaka kusikia." Akanishika mkono. "Basi angalau kuna aliyesema," alisema. Nilitoka mle na chupa yangu ya mtori, karibu imejaa.

Nilifanya kazi kwenye kile kiti miezi minne zaidi, nikaacha, nikaenda Nduruma kununua mboga na kuziuza mjini, na maisha yakaendelea kama yanavyoendelea. Kompyuta ilikuja kuondolewa, nasikia, machimbo yalipouzwa tena. Watu wakinisikia nikisimulia hudhani nina ugomvi na mashine. Sina. Mashine haikuwa na masikio, na kulikuwa na mtu aliyewekwa pale awe nayo, akalipwa mshahara. Nilikuwa na hofu ya kurudi nyumbani mikono mitupu, hofu ndogo tu, ya kawaida, na kwa hofu hiyo mtu mmoja aliitwa muuaji mpaka siku ya kuzikwa. Mke wa Tumaini anaishi mwendo wa nusu saa kutoka kwa kina Anaeli. Hakuja msibani. Nilimtafuta kwa macho chini ya turubai lote.

Wiki mbili baada ya maziko nilipanda tena Tengeru. Naomi alinikaribisha sebuleni, viti vina vitambaa vya kufuma, gongo la kutembelea la baba yake bado limeegemezwa nyuma ya mlango. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa nusu wazi. Mama yake alilala humo, hawezi tena kutembea. Naomi alileta chai na magimbi, akasema, "Shangazi, umepunguza mwili." Nikaliweka daftari mezani kabla sijagusa kikombe, maana najijua. Nilimwambia yote, kuanzia mstari wa pili mpaka kijiko.

"Kwa hiyo hukuwaambia," alisema mwishoni.

"Sikuwaambia."

"Na yeye ukamwambia uliwaambia."

"Ndiyo."

Nje kuku walikuwa wanaparua chini ya migomba. Naomi alikunja mikono mapajani. "Kila jioni tukisali," alisema, "baba alikutaja kwa jina. Mimi nimekua nikikuombea, shangazi. Watoto wangu wanakuombea." Kisha akalisukuma daftari kwangu kwa kidole kimoja. "Nisomee."

"Zote?"

"Zote. Na kwa sauti, mama asikie. Ukimaliza hapa tutakwenda kwa mke wa Tumaini, mimi na wewe, ukamsomee na yeye."

Nikavaa miwani. Karatasi zilikuwa zimekuwa za njano lakini maandishi ya penseli hayakuwa yamefutika, na mwandiko ulikuwa wa msichana anayeandika gari likitikisika.

"Jumatatu, namba saba, safari ya kwanza," nilisoma. "Alisimama. Dakika mbili. Safari ya pili. Alisimama. Dakika mbili na nusu. Ukungu. Safari ya tatu."

Nikaweka kidole kwenye mstari nikainua macho. Kutoka chumba cha ndani kitanda kililia, mtu anajiinua kwenye mto.

"Endelea," alisema Naomi.

"Alisimama," nilisoma.